Kijiko

Mwalimu Kapalala alichora piramidi ubaoni,
darasa la jioni, Isevya, chumba cha kuazima
ambamo asubuhi chekechea huimba a, e, i.
Chini kabisa, akasema, ni chakula.
Juu yake usalama, kisha kupendwa, kisha heshima,
na kileleni, pembamba kama ncha ya sindano,
kuwa yule unayeweza kuwa.
"Hakuna anayepanda ghorofa ya pili
kabla hajamaliza ya kwanza."

Nilinakili yote. Mwandiko wangu bado mzuri.
Lakini nilikuwa nimeketi pale na njaa
tangu chai ya asubuhi kule ghalani,
vidole vikinuka tumbaku,
daraja la kwanza, la pili, la takataka,
na bado nilikuwa nimekuja.
Basi mimi niliingilia dirisha lipi?

Nina miaka thelathini na tisa.
Hisabati iliniacha kituoni
mwaka ule wa mimba ya Mayunga,
na Mayunga sasa ananyoa ndevu.

Wiki ya pili ikaja nadharia ya zawadi:
jituze kidogo kila baada ya kazi,
mwili utaikariri njia.
Nikanunua asali ya Sikonge, chupa ya bia iliyozibwa kwa gunzi,
nyeusi, na moshi wa mzinga bado umo ndani.
Sheria nikaiandika ukutani kwa mkaa:
maswali matatu, kijiko kimoja.

Usiku wa kwanza nilisoma kama mtu anayedaiwa.
Wa pili nikachagua maswali mepesi.
Wa tatu nikajikopesha,
kijiko leo, maswali kesho,
na kufika Ijumaa nilikuwa na deni la maswali kumi na nane.
Nani wa kunikamata?
Mlinzi mimi, mwizi mimi,
hakimu naye analamba kidole.

Jumapili umeme ukakatika.
Nikawasha koroboi, nikafungua ukurasa wowote.
*Tangi lina mabomba mawili.
Moja hulijaza kwa saa tatu,
jingine hulimaliza kwa saa tano.
Yote mawili yakiwa wazi, litajaa lini?*
Nilikasirika kwanza.
Mpumbavu gani anajaza tangi asizibe tundu?
Halafu nikacheka peke yangu,
maana ndiyo nyumba yangu hiyo:
ujira unaingia kwa bomba hili,
ada, mahindi na dawa ya mama
vinatokea lile.

Nikataka kujua.
Si kwa mtihani, si kwa Kapalala.
Nilitaka tu kujua kama linajaa.

Kila saa linapata theluthi,
linapoteza moja ya tano,
zinabaki mbili za kumi na tano,
nikafuta, nikarudia, nikahesabu kwa punje za maharage:
saa saba na nusu.
Linajaa!
Linavuja, na linajaa.

Nikavamia la pili, la treni mbili zinazofuatana,
nikalibishia maana treni ya kitabuni haichelewi,
nikavamia la tatu, la mashamba, la riba,
mafuta ya koroboi yakishuka,
jogoo wa kwa akina Shoma akiwika kabla ya wakati wake,
hadi nikanyoosha mkono kuitafuta chupa.

Tupu.
Sisimizi wamepanga foleni shingoni mwake.
Kalunde amelala kidevu kinanata,
na kwa vile alilala saa mbili,
chupa ilikuwa tupu tangu saa mbili.

Nikahesabu maswali: tisa.
Vijiko: hakuna.
Nikakaa na jibu hilo
muda mrefu kuliko majibu mengine yote.

Ningependa kuishia hapo,
Mwalimu angefurahi.
Ila Jumatatu sikusoma. Niliporudi kutoka ghalani
nililala na viatu.
Jumanne nilisoma dakika kumi, nimesimama,
maji ya ugali yakichemka.
Ukurasa wa arobaini na moja una alama ya kidole chenye unga.
Hapo ndipo nilipofika.